Kutafuta Chai na Chakula Kinondoni na Temeke

Mgeni akishuka Dar es Salaam huonyeshwa mjini: Posta, Kivukoni, na hoteli za ghorofa zinazotazama bahari. Lakini watu wengi wa mji huu hawakai huko. Wakaa Kinondoni, Mwananyamala, Tandale, Temeke, Tandika na Mbagala, na huko ndiko wanakonywa chai yao ya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi nilivyotumwa kutafuta mahali pema pa kula katika sehemu hizo. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Ilinichukua siku nne.

Kwanza sina budi kueleza kosa langu. Mwezi wa Machi mwaka 2025 parokia yetu ilipokea makatekista 14 kutoka upande wa Ifakara na Mahenge, waliokuja kwa semina ya siku tatu. Baba Paroko aliniachia mimi, karani wake, shughuli ya chakula. Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilikuja karibu pamoja, na mama wengi wanaopika mitaani kwetu ni Waislamu, kwa hiyo mchana walikuwa wamefunga. Nikazunguka juani mpaka nikaona nyumba moja iko wazi, ina rangi mpya, na ukutani amechorwa kuku mnene pamoja na maneno makubwa ya kukaribisha wateja. Nikasema, hapa ndipo. Sikumwuliza mtu yeyote.

Usiku ule makatekista watatu walishikwa na tumbo. Mmoja wao, mzee wa miaka 71, alizidiwa hata tukamkimbiza hospitali saa nane za usiku, akatiwa maji mshipani mpaka kulipokucha. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini nilipokuwa nimekaa juu ya benchi mle hospitalini, nilikuwa natunga kichwani barua ya kumpelekea mkewe, na sentensi ya kwanza haikutaka kuja. Na sisi watu wa Kinondoni hatuna udhuru wa kulifanyia mchezo jambo hili. Kipindupindu kile kikubwa cha mwaka 2015 kilianzia katika wilaya yetu hii, mwezi wa Agosti, ndipo kikaenea katika mikoa mingi ya nchi.

Mwaka huu makatekista walituandikia kwamba watakuja tena mwezi wa Juni. Wangekaa kwetu Kinondoni siku mbili, na siku ya tatu wangekwenda Kurasini, kwenye ofisi za Baraza la Maaskofu, kisha wale mchana Temeke. Nikasoma orodha ya majina. Yule mzee alikuwamo. Baba Paroko akanipa shilingi 3,000 kwa kila mtu kwa chakula cha mchana, akaniambia, "Safari hii, karani, usisome ukuta."

Siku hizi vijana hutafuta hoteli katika simu, wakahesabu nyota zilizowekwa na watu waliokula kabla yao. Nami nilijaribu. Simu ilinionyesha mabaa, nyumba za kuku wa kukaanga, na mahali pamoja ambapo kikombe cha kahawa chauzwa kwa bei ya sahani mbili za wali. Mama wanaolisha mafundi na madereva wa Kinondoni hawakuwamo. Basi nikaiweka simu mfukoni, nikaenda kwa wanywa kahawa.

Upande wa Mkwajuni iko kona moja yenye mabenchi mawili na mzee anayeuza kahawa. Dele lake la shaba limekaa juu ya makaa, na vikombe vyake ni vidogo kama mayai. Kahawa ile ni nyeusi na haitiwi sukari; utamu wake ni kashata, unayoitafuna kidogo kidogo katikati ya funda na funda. Nchi yetu hulima kahawa Kagera, Kilimanjaro, Mbinga na Mbeya, na karibu yote huuzwa ng'ambo, lakini watu wa pwani hawakuacha kunywa kahawa ya benchini tangu zamani za babu zao. Anayeketi pale hupata habari zote kabla ya magazeti: nani amefiwa, nani anahama, Simba na Yanga zimefanya nini. Hakuna anayekuharakisha uondoke. Kwa maoni yangu huo ndio mkahawa wa kweli, ingawa hauna paa.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Natafuta mahali pa kuwalisha wazee 14."

"Marahaba, mwanangu. Watafuta chakula au watafuta nyumba?"

Watu wakacheka. Nikawasimulia habari ya kuku wa ukutani, wakaacha kucheka. Mzee akanimiminia kikombe cha pili, akasema, "Usiende saa saba kuwatazama watu wanavyokula. Kila mpishi apendeza wakati wa kupakua. Nenda saa nne, umwone anavyoosha. Halafu rudi saa kumi, uone anafanya nini na kilichobaki."

Maneno hayo nimeyaandika katika daftari langu la ofisini, chini ya hesabu za sadaka.

Nikaanza kuzunguka. Karibu na viwanja vya Biafra nilipata mahali penye viti vizuri na chai ya maziwa yenye tangawizi, nikafurahi sana. (Kijana aliyeniletea chai aliniambia kwamba Biafra ni jina la mtu aliyekuwa na shamba pale. Nikamweleza kwamba ni nchi ambayo Tanzania iliitambua mwezi wa Aprili 1968, wakati wa vita vya Nigeria, na ambayo haipo tena. Alinitazama kwa mashaka.) Lakini saa nne niliporudi niliona sahani zote zaoshwa katika beseni moja, na maji yake yamekuwa mchuzi. Nikaaga. Mwananyamala nilikuta maharage ya nazi matamu kupita yote niliyoonja siku zile, ila hapakuwa na benchi; vijana wa bodaboda hula wamesimama, na mzee wa miaka 72 hawezi kula amesimama.

Siku ya pili yule mzee wa kahawa alinielekeza kwa mama mmoja upande wa Kwa Manyanya, nyuma ya karakana ya seremala. Hakuna kibao. Unaingia katika uchochoro kwa kufuata harufu ya vitunguu mpaka unatokea uani penye mwarobaini mkubwa. Chini yake pana meza tatu, ndoo ya maji yenye bomba, na kipande cha sabuni kilichofungwa kamba. Maji ya kunywa yamo katika birika kubwa lililokuwa bado moto. Karatasi yake ya kupimwa afya ameitia katika mfuko wa nailoni, akaitundika msumarini pale Bwana Afya anapoweza kuiona bila kuuliza. Nilipofika saa nne alikuwa akisuuza sahani katika beseni la tatu. Nikahesabu: la kwanza la sabuni, na mawili ya kusuuza.

Wasomaji wa bara huenda wakauliza kwa nini mama hawa huitwa mama ntilie. Ni maneno ya mteja mwenye njaa anayenyoosha sahani: mama, nitilie. Serikali hupenda kuwaita mama lishe, nalo ni jina la heshima, lakini katika uchochoro ule sikulisikia.

Nikamwamkia, nikamweleza haja yangu. Nilidhani atafurahi, maana watu 14 kwa shilingi 3,000 ni shilingi 42,000 kwa siku. Akaendelea kusuuza.

"Haiwezekani, baba," akasema. "Saa saba mafundi wangu wanakuja. Nikiwakalisha wageni wako, mafundi watakula wapi? Wageni wako wataondoka kesho kutwa. Mafundi wapo."

Nikakiri moyoni kwamba sikulitegemea jibu hilo. Nikafikiri kuongeza bei, nikaona haya. Nikamweleza habari ya mzee na hospitali. Hapo akakaa juu ya kigoda, akafuta mikono.

"Huyo mzee ana sukari? Ana presha?"

Sikujua. Mwaka mzima nimemkumbuka mzee yule, wala sikuwahi kuuliza. Akaniambia nikaulize, kisha nirudi. Nikapiga simu kwa katekista mkuu wao: wawili walikuwa na sukari, na mzee wangu alikuwa na presha. Niliporudi jioni, saa kumi, nilimwona akiwagawia watoto wa jirani wali uliobaki, na sufuria zimefunikwa zikiwa tupu. Tukapatana hivi: wageni waje saa nane kasorobo, mafundi wakiwa wamekwisha kuondoka, wenye sukari wapate ugali kidogo, mchicha na samaki, mchuzi wa mzee usitiwe chumvi nyingi. Akaomba nusu ya fedha mbele, shilingi 21,000, apate kwenda alfajiri soko la Tandale kuchukua mchele. Nikampa. Hakunipa stakabadhi, nami sikuidai, jambo ambalo Baba Paroko alilisikia kwa mara ya kwanza alipoisoma makala hii kabla haijapelekwa gazetini.

Kinondoni ikawa tayari. Ikabaki Temeke, na huko mimi ni mgeni kama wao.

Nilipanda daladala mpaka Tandika. Tatizo la Temeke si uhaba wa chakula. Soko la Tandika na lile la Temeke Stereo zimezungukwa na masufuria kila upande. Tatizo ni kwamba ukiambiwa habari ya mpishi mzuri, ukamwendea, unakuta hayupo. Mwezi wa Oktoba 2021 wafanyabiashara wadogo waliokuwa kando ya barabara za Dar es Salaam waliamriwa kuhamia mahali palipotengwa, na mama wapishi walikuwa pamoja nao. Barabara zilipata nafasi na watembea kwa miguu wakashukuru, hilo sikatai. Lakini mpishi si duka la viatu. Mtu atavuka mji kununua kiatu. Chakula cha mchana hula pale kazi yake ilipo.

Rafiki yangu mmoja alikuwa amenisifia mama mmoja wa Temeke apikaye bamia. Pale aliponielekeza palikuwa na ukuta. Nikamwuliza konda wa daladala aliyekuwa akiita abiria.

"Mama wa bamia? Yupo, kaka. Alihama tu. Pita nyuma ya soko, uwafuate wapagazi."

Nikawafuata. Nikamkuta chini ya turubai, ana mabenchi manne. Zamani, akaniambia, alikuwa nayo manane. Mafiga yake yalikuwa ya mkaa, na kando yake jiko dogo la gesi kwa chai, maana mkaa umepanda bei. (Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 wataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, mama huyu amekwisha kuanza kwa chai.) Maji ya visima vya huku yana chumvi, kwa hiyo hununua ya madumu kwa ajili ya kunywa, kisha huyachemsha.

Lakini kilichonishika zaidi mimi karani kilikuwa daftari lake. Wapagazi wa sokoni hula kwa mkopo, hulipa Jumamosi. Kila mmoja ana ukurasa, na kila sahani ni mstari mmoja. Akilipa, mistari hukatwa. Hesabu zake zilikuwa safi kuliko zangu. Nikamwuliza: je, ulipohamishwa mwaka 2021, madeni yale yalipotea?

Akafungua kurasa za nyuma, zimekuwa za manjano. "Nilihama Jumatano," akasema. "Nilikuwa na watu 23 humu. Nikasema basi, Mungu atanipa vingine. Jumamosi walianza kuja mmoja mmoja, wananiuliza, mama umekwenda wapi, tumekutafuta. Mwisho wa mwezi walibaki wawili tu." Akaonyesha kurasa mbili ambazo hazikukatwa. "Huyu alifariki. Huyu bado namngoja."

Sikungoja saa kumi kuona anafanya nini na kilichobaki. Nikatoa nusu ya fedha palepale.

Makatekista walifika mwezi wa Juni, wote 14. Siku ya kwanza nikawapitisha katika uchochoro wa Kwa Manyanya, nao wakitazamana, maana hawakuona hoteli. Wakanawa, wakaketi chini ya mwarobaini, mama akapakua. Wote walianza kula isipokuwa yule mzee. Alikuwa ameshika bilauri ya maji, akiitazama.

"Mama," akasema kwa upole, "samahani. Maji haya yamechemshwa?"

Nikaona aibu kwa niaba ya mama. Yeye hakuona aibu wala hasira. Akaenda jikoni, akaleta birika lenyewe, akaliweka mezani mbele yake. "Shika, baba," akasema. Mzee akaligusa kwa kiganja, akauondoa upesi kwa moto wake, akacheka mpaka kofia yake ikadondoka. Kisha akanywa.

Jioni ile nikawapeleka Mkwajuni kwa mzee wa kahawa. Wale wawili wakakaa pamoja benchi moja, mmoja akieleza bei ya mpunga huko kwao, mwingine akimweleza historia ya Yanga, mpaka giza likaingia. Walikunywa vikombe 31. Nilivihesabu mimi, kwa sababu katika orodha yangu ya matumizi sikuwa nimeweka fedha za kahawa.