Safura na Jina la Uvivu

Katika vijiji vingi hakosekani mtu aitwaye mvivu. Jua halijapanda, naye amekwisha kuegemea mpini wa jembe, anahema, moyo wampiga kama aliyekimbia. Jirani humcheka, na mkewe huona haya. Lakini mtu huyo akifunuliwa kope, mara nyingi huonekana weupe mahali pa wekundu. Viganja ni vivyo hivyo, na pengine miguu imevimba. Yafaa choo chake kipimwe hospitali kabla ya kutukanwa, maana huenda ana safura.

Mnyoo wa safura ni mdogo, urefu wake wapata sentimeta 1. Mchango huweza kupita sentimeta 20, na mama auonapo umemtoka mtoto hushtuka na kutafuta dawa siku ile ile. Safura haimshtui mtu, nayo hukaa miaka. Mnyoo huuma utumbo na kunyonya damu, kila mmoja kidogo sana. Walakini wakiwa mamia, ugali na mboga haviwezi kulipa deni hilo.

Mnamo 1898, huko Cairo, mtaalamu Arthur Looss alimwagikiwa mkononi na maji yenye vijidudu hivyo. Ngozi ikamwasha, na baadaye mayai ya mnyoo yakaonekana katika choo chake mwenyewe. Ndipo ilipojulikana kwamba adui huyu hutoboa ngozi. Mtu akienda haja migombani, mayai huanguliwa katika udongo wenye unyevu na kivuli, na vijidudu hungoja mguu usio na kiatu. Kutoka hapo hufuata damu hata mapafuni, hupanda kooni, humezwa, hufika utumboni.

Mwaka 2012 Kenya ilianza mpango wa taifa wa kuwapa watoto wa shule dawa ya minyoo. Ni jambo jema. Lakini safura hupenda zaidi watu wazima, nao hawaendi shule. Kati ya 2015 na 2017 huko Kwale ilijaribiwa kuwapa dawa watu wote, nyumba kwa nyumba, na safura ikapungua kuliko mahali palipotibiwa watoto peke yao. Si ajabu: mtoto aliyemeza dawa asubuhi hukanyaga jioni shamba lile lile la baba yake.

Kidonge chenyewe cha albendazoli ni kimoja tu, miligramu 400. Damu iliyopotea hairudi upesi hivyo. Yataka majuma mengi ya vidonge vya madini ya chuma, pamoja na maharagwe, dagaa na nyama ikipatikana. Na nyumba isiyo na choo cha shimo itahitaji kidonge kile tena mwakani.