Kabla hujanunua guta la bei nafuu kwa ajili ya familia, soma hapa

Nimezoea kukuandikia kuhusu mbegu za mihogo, kupulizia mikorosho na chanjo ya kuku. Leo naandika kuhusu chombo cha kubebea mavuno, na kuhusu kosa langu mwenyewe.

Wiki iliyopita mzee mmoja hapa Soga alinisimamisha jirani na stesheni. Korosho zake zimelipwa vizuri, sasa anataka chombo cha familia: kiende shamba, kichote maji, na Jumapili kipeleke wajukuu kanisani. "Bwana shamba," akaniuliza, "nichukue guta, au ile pikipiki ya Kichina ya magurudumu manne?" Nilimjibu juu juu nikaondoka. Usiku nikaona sikumtendea haki. Jibu ninalo, tena nililipata kwa gharama. Nililificha kwa sababu linaniaibisha.

Tuanze na ile ya magurudumu manne. Inavutia macho, na kule Zanzibar watalii huzunguka nazo vijijini. Lakini nyingi zimetengenezwa kwa dereva peke yake, hata kama kiti kinaonekana kirefu. Dereva anatakiwa ahamishe mwili wake kila anapokata kona au kupanda mwinuko, na ukimpakia mtu nyuma yako huwezi tena kufanya hivyo. Matairi yake ni mapana na huwekwa upepo mdogo sana. Hutayakuta kwenye duka la spea la kijijini. Tairi likichanika, chombo kinalala bandani na kuku wanataga juu yake.

Guta ndilo linalotufaa wengi wetu. Injini yake ni ya pikipiki, mara nyingi CC 150 hadi 200, spea zake zinapatikana Mlandizi na Kibaha, na fundi wa bodaboda analielewa. Ila kumbuka nalo lina magurudumu matatu tu, na hapo ndipo penye somo.

Wamarekani walishajifunza somo hilo kabla yetu. Mwaka 1970 kampuni ya Honda iliwauzia pikipiki ya magurudumu matatu yenye matairi manene, ya kuchezea na ya kutembelea mashambani. Familia zilizipenda. Baadaye ajali zikawa nyingi, watoto wengi wakiwa miongoni mwa walioumia, na mwaka 1988 watengenezaji walikubaliana na serikali kuacha kuuza mpya za aina hiyo. Guta letu halifanani na zile kwa umbo, lakini gurudumu moja mbele na mawili nyuma ni pembetatu ileile. Uzito ukikaa juu, ukakata kona kwa kasi, chombo kinalala upande.

Sasa nikueleze yangu.

Mwaka 2022 serikali ilitugawia maafisa ugani pikipiki. Hiyo ni ya kuwafikia wakulima, si ya kubebea magunia ya nyumbani kwangu. Kwa hiyo mwaka uliofuata nikaunganisha akiba na mkopo, nikanunua guta jipya kwa shilingi milioni sita na laki mbili. Lilikuwa la bei ya chini kuliko yote niliyoyaona siku hiyo, na nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Kwenye ununuzi sikukosea sana. Nililinganisha namba ya fremu na ya injini na zile za kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Nilidai risiti ya EFD. Sikuondoka mpaka usajili wa TRA na bima vilipokamilika, kwa sababu chombo kisicho na kadi si mali yako bado. Nililala chini kabisa kwenye vumbi nikatazama sehemu zilizochomelewa kati ya chesisi na bodi. Na kabla ya kulipa nilimpigia fundi, si muuzaji, nikamuuliza kama spea za aina ile zipo. Hayo yote nawe yafanye. Ongeza na leseni: anayejua kuendesha bodaboda hajawa dereva wa guta, na leseni yake inapaswa kuonyesha daraja la chombo cha magurudumu matatu.

Kosa langu lilianza baada ya hapo. Maguta mengi ya bei nafuu huingia nchini yakiwa vipande ndani ya maboksi, kisha vijana huyafunga haraka haraka ili yauzwe. Nati nyingine inakazwa sawasawa, nyingine inaguswa tu. Fundi aliniambia: "Kilomita mia za kwanza, lirudishe tukaze kila nati. Zikifika mia tano, lirudishe tena tumwage oili." Nikamjibu sawa. Oili nilimwaga, maana niliiona ikiwa nyeusi yenye chembe zinazong'aa kama unga wa chuma, kawaida ya injini mpya inayojisugua. Nati sikurudi kukaza. Ilikuwa msimu wa kupanda, kila siku nipo kwa wakulima nawahimiza wafuate kalenda. Mganga hajigangi.

Jumamosi moja ya mwezi wa nne, masika imekolea, tulitoka shambani na magunia ya mihogo. Mke wangu alikaa juu ya magunia na mtoto mdogo mapajani. Mwanangu mkubwa, ana miaka tisa, alikaa pembeni kashika ukingo wa bodi. Ndivyo tulivyokuwa tukienda kila wiki, na ndivyo wengi tunavyoenda. Kuna mteremko wa udongo wa mfinyanzi kabla ya kufika kwetu, na chini yake kuna kona. Nikashika breki, guta likavuta upande mmoja, gurudumu la nyuma likanyanyuka. Sikuwa na mwendo mkali. Lililala taratibu kabisa, kama ng'ombe anavyolala.

Mke wangu aliruka na mtoto wakaangukia majanini. Mkubwa hakuachia ukingo. Bodi ililala juu ya mkono wake.

Majirani walilinyanyua. Tulifika hospitali ya Tumbi jioni, mifupa miwili ya chini ya kiwiko imevunjika. Njia nzima hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Baba, nimeharibu guta?"

Siku ya tatu nikampelekea fundi lile guta. Aliingia chini na tochi, akatoka na nati mkononi. Zile bolti zinazoshikilia springi kwenye ekseli ya nyuma zilikuwa zimelegea upande mmoja, ekseli imehama, na breki za nyuma zilikuwa hazishiki pamoja. "Bwana shamba, hizi ulikaza lini?" Nikakosa jibu.

Kwa hiyo ukiniuliza kilichotuangusha, nitakwambia ni mambo mawili, na yote ni yangu. Nati ambayo ingekazwa kwa dakika kumi, na watoto waliokaa pale palipotengenezwa kwa ajili ya magunia. Nati ingekuwa imekazwa, huenda tusingeanguka. Watoto wasingekuwa juu, tungeanguka tukacheka na kuokota mihogo.

Hivi ndivyo ninavyolitunza sasa, na nakushauri ufanye hivyo.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha: tazama oili, upepo wa matairi, na chini ya injini kama pana matone. Vuta breki ukiwa unasukuma guta kwa mkono. Likivuta upande mmoja, siku hiyo haliendi.

Kila Jumamosi: spana mkononi, zunguka lote. Anza na bolti za springi, kisha magurudumu, usukani, injini na bodi. Ile iliyokazwa ipige alama ya rangi, ili ikizunguka uione kwa macho.

Chujio la hewa, mafundi wanaliita ea klina: kiangazi cha huku ni vumbi tupu, lifungue kila wiki. Likiwa la sponji, lioshe kwa sabuni, likauke kabisa, ulipake oili kidogo kabla ya kurudisha. Injini inayovuta vumbi inakufa mapema, hata uimwagie oili ghali namna gani.

Oili ya injini: baada ya ile ya kwanza, fuata kitabu cha chombo chako, na ukiwa unabeba mizigo mizito kila siku, wahi kabla ya kilomita zilizoandikwa. Usisahau oili ya difu na grisi. Wengi hukumbuka difu siku inapoanza kulia.

Mzigo: vitu vizito chini na katikati, vifungwe kamba. Usizidishe uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Mteremkoni weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si ukiwa katikati.

Na watu? Guta limesajiliwa kubeba mizigo. Najua utaniambia nini, kwa sababu nami niliwahi kujiambia hivyo: shamba ni mbali, nauli ya bodaboda kwa watu wanne ni kubwa, na mvua inakuja. Yote ni kweli. Lakini piga hesabu nami. Kwenda na kurudi Tumbi, siku ambazo mke wangu hakuuza genge lake, na miezi ambayo mwanangu hakuandika darasani kwa mkono wake wa kulia. Hiyo ingelipa nauli ya bodaboda ya mwaka mzima, kofia ngumu zikiwemo. Bei ya dukani ni malipo ya kwanza tu. Yanayobaki unalipa kwa spana au unalipa kwa mtu wako.

Jana nilirudi kwa yule mzee nikamweleza yote haya, tumekaa chini ya mwembe wake. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema atanunua guta, na pesa kidogo ataiweka pembeni kwa ajili ya nauli ya wajukuu Jumapili. Nikamwambia, mzee wangu, hilo ndilo jibu nililopaswa kukupa palepale stesheni.

Mkono wa mwanangu umeunga, ingawa haunyooki mpaka mwisho. Siku hizi Jumamosi yeye ndiye anayeshika kopo la rangi. Mimi nakaza, yeye anapiga alama. Nikiruka nati moja ananirudisha.

Kama una guta nyumbani, kabla hujaendelea na kazi zako leo, chukua spana ukalizunguke mara moja. Wiki ijayo tunarudi kwenye mihogo.