Begi Ambalo Halijashonwa

Saa tisa usiku Mabibo watu wamelala, kasoro wale wenye mtihani asubuhi. Mimi sikuwa na mtihani. Nilikuwa nimejifunika shuka mpaka kichwani, simu mkononi, nabishana bei kwenye WeChat na dada wa mauzo wa kiwanda cha mabegi kule Quanzhou, jimbo la Fujian, China. Kwao ilikuwa saa mbili asubuhi, ndiyo kwanza amefika kazini. Alianza na dola 6.80 kwa begi moja la mgongoni, la kubebea laptop. Nikamwambia 4. Akaniwekea emoji ya kulia. Nikamwambia chuo chetu kina maelfu ya wanafunzi, akinipa bei nzuri leo kesho nachukua kontena. (Kontena! Mimi ambaye siku hiyo nilikuwa nimekula chipsi kavu.) Adhana ya alfajiri ilipoanza tukawa tumefika 4.90, na kiwango cha chini cha kuagiza kimeshuka kutoka mabegi 300 hadi 200. Nikamwamsha mwenzangu wa chumba, yule wa Jiolojia.

"Mwanangu, nimeshusha karibu dola mbili!"

"Kila begi?"

"Kila begi."

Hakulala tena. Tulipiga hesabu mpaka kukakucha.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa watatu: mimi, wa Jiolojia, na mmoja wa Sheria. Kila mmoja alitoa laki sita, yaani bumu zima, halafu tukajipanga kuishi kwa kudra. Shangazi yangu, anayeuza vitenge Kariakoo, alitukopesha milioni moja na nusu. Jumla milioni 3.3. Mabegi 200 kwa dola 4.90 ni dola 980, ambazo kwa bei tuliyonunulia dola ilikuwa kama milioni 2.45. Usafiri wa meli na kutoa mzigo bandarini, agenti alituambia laki saba. Tunabakiwa na laki moja na nusu ya dharura. Mwezi wa kumi wa mwaka wa kwanza wanaingia, kila mmoja anataka begi, tunauza 25,000. Ukizidisha hapo unaona milioni tano. Mimi nilishaanza kuangalia pikipiki.

Malipo yalikuwa ya kawaida ya viwanda vya kule: asilimia 30 ya kuanzia kazi, asilimia 70 kabla mzigo haujatoka kiwandani. Tukatuma ya kwanza, tukasubiri, tukaletewa picha za mabegi yamepangwa vizuri, tukatuma ya pili. Siku mbili baadaye dada wa mauzo akaniuliza gari la kuja kuchukua mzigo linafika lini.

Gari gani tena? Mzigo ulitakiwa ufike ghala la agenti wetu Guangzhou. Akanirudishia proforma aliyonitumia tangu mwanzo na kuzungushia herufi tatu kwa wekundu: EXW. Hizo herufi nilikuwa nimeziona. Nilidhani ni namba ya begi.

Kwa ambaye hajakutana nazo: ni masharti ya biashara yanayoitwa Incoterms, yanayotolewa na Chemba ya Kimataifa ya Biashara iliyoko Paris. Ya kwanza yalitoka mwaka 1936, na toleo linalotumika sasa ni la 2020. EXW maana yake kazi ya muuzaji inaishia mlangoni kwake. Kuanzia hapo gari, barabara na nyaraka ni zako. FOB, anakupakilia melini kwenye bandari ya kwao. CIF, analipa meli na bima mpaka bandari yako. Kwa hiyo dola 4.90 ya EXW na dola 4.90 ya FOB si bei moja hata kidogo. Wa Sheria alisema kitu hicho walifundishwa darasani. Tukamwangalia tu. Gari la kutoka Quanzhou hadi Guangzhou lilikula dola 60, laki moja na nusu yetu yote ya dharura.

Lakini hilo lilikuwa dogo.

Mabegi yalifika wiki ya kwanza ya masomo. Tulifungua robota la kwanza chumbani, na nikajua kabla sijaligusa. Sampuli niliyotumiwa mwezi wa tano ilikuwa inasimama yenyewe ukiiweka chini. Hili lilianguka kama fulana. Kitambaa chepesi, zipu nyembamba, mikanda imepitishwa uzi mara moja. Tuliuza thelathini na mbili siku ya kwanza, kwa 25,000. Siku ya tatu wakaanza kurudi. Dada mmoja alikuja na daftari zake mkononi, begi limefumuka ukanda akiwa anapanda daladala pale Mwenge, laptop imeanguka. Hakutukana. Alisema tu, "Kaka, hii laptop ni ya baba." Nilimrudishia hela yake. Kioo hatukuwa na cha kumlipa, na mpaka leo nikimwona Utawala napita upande wa pili.

Tulishusha bei hadi 12,000, wakati kila begi lilikuwa limetugharimu 16,500.

Nilikwenda kwa Shangazi na begi moja, na hotuba ya namna tulivyotapeliwa. Nikamwamkia, akanikaribisha kwenye kistuli kati ya marobota ya vitenge. Akalivuta lile begi, akalifungua, akalifunga. Akasema, "Hebu nisomee mlivyoongea."

Nikafungua simu nikaanza kusoma, kwa mbwembwe, sehemu zile nilizokuwa nabana bei. Nikafika ile ya saa kumi na moja alfajiri. Dada wa mauzo alikuwa ameandika kwamba kwa bei hiyo wataweza, ila malighafi itakuwa tofauti kidogo, je ni sawa? Na mimi nilikuwa nimemjibu sawa, hakuna shida, asante sana, na emoji ya moto.

Shangazi hakucheka. Aliniambia: "Hapa dukani ukinibana bei, kitenge kipo, kimeshatengenezwa. Nikikupunguzia elfu mbili nimepunguza faida yangu, kitenge hakipungui. Huyo uliyemwendea begi lake halijashonwa. Ulipokuwa unashusha bei ulikuwa unamwambia alishone vipi."

Nimeshasoma somo la biashara ya kimataifa, muhula mzima, nikapata B+. Hakuna siku niliambiwa hivyo.

Wa Sheria alijitoa, kwa amani, baada ya kuchukua mabegi yake arobaini akauze kwao Kahama. Mimi na wa Jiolojia tulibaki na deni la Shangazi, ambaye alikubali kutusubiri kwa sharti moja: safari hii aone karatasi kabla hela haijatoka.

Basi mwezi wa kumi na mbili nilirudi kwa dada yule yule. Wengine walinishangaa, lakini yeye ndiye aliyeniuliza na mimi ndiye niliyejibu sawa. Sikuanza na bei. Nilimwandikia: kitambaa 600D (lile la kwanza, nikaja kujua, lilikuwa 300D, nusu ya uzito wa uzi), zipu kubwa namba 8 badala ya namba 5, mikanda ishonwe mara mbili na kukazwa kwa msalaba, begi lipimwe gramu ngapi. Kisha nikamwuliza hilo ni shilingi ngapi, mpaka ghala la Guangzhou. Akasema 6.60. Nilimbana hadi 6.30 tu, kwa kufuta mfuko wa ndani ambao hakuna mtu anautumia.

Mabishano makali yakahamia kwenye malipo. Yeye anataka 30 kwa 70. Mimi nataka asilimia 20 ya mwisho ibaki mpaka Mtanzania mwenzetu anayesoma Guangzhou afungue maboksi matano anayochagua mwenyewe, apime na kuvuta zipu. Alikataa siku nne. Siku ya tano akakubali, kwa sharti kwamba tulipe ya kuanzia kabla mwezi haujaisha, kwa sababu mwaka mpya wa Kichina ukikaribia mafundi wanarudi makwao na kiwanda kinafungwa wiki kadhaa. Hilo nalo lilikuwa na thamani kwake kuliko senti thelathini nilizokuwa nazipigania usiku.

Shangazi aliivaa miwani, akasoma karatasi yote, akaniuliza EXW iko wapi. Nikamwonyesha kwamba haipo. Akahesabu hela mara mbili.

Mabegi mapya yamefika mwezi uliopita. Faida ni ndogo, tunauza 28,000 na watu wanalalamika ni ghali. Juzi kijana wa mwaka wa kwanza alilivuta ukanda kwa nguvu zake zote mbele yangu, akaniambia alisikia habari za yale ya mwanzo. Nikamwambia avute tena.