Kamba Yenye Madoa

Kitabu changu cha kwanza cha Kijapani nilikinunua Jinbōchō, mtaa wa Tokyo uliojaa maduka ya vitabu vikuukuu, kwa yeni 100. Kilikuwa bunko, vile vitabu vidogo vya kutia mfukoni ambavyo Wajapani huvisoma wamesimama ndani ya treni. Kinafunguliwa kuanzia kulia kama msahafu, na mistari yake inashuka wima. Visa vya Sherlock Holmes. Nilikuwa na miezi minane nchini, hiragana, alama za silabi, zote 46 nazijua, kanji, alama za maneno, labda mia tatu, na kiburi cha kutosha.

Nilichagua kisa ambacho kwa Kijapani kinaitwa Madara no himo. Nilikuwa nimekisoma kwa Kiingereza nikiwa kidato cha pili, hivyo muuaji nilimjua na silaha yake naijua. Nikadhani nusu ya kazi imekwisha. Ukurasa wa kwanza ulinila jioni tatu. Kila neno nililifukua kwenye kamusi na kuliandika pembeni kwa penseli, mpaka karatasi ikawa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mwishowe nilikuwa na maneno sitini, hadithi sina.

Kilichonifungua macho ni kitenzi. Kiswahili hukanusha mapema: ukisikia "ha-" au "si-" umeshajua jambo halikuwa. Kijapani huificha siri hiyo hadi mwisho, "nai" yake inakuja mkiani. Daktari Roylott wa kisa hicho aliingia chumbani usiku ule, au hakuingia? Subiri nukta. Basi nikaweka kamusi chini, nikawa nakimbilia mwisho wa sentensi kwanza, kisha narudi nyuma. Baadaye hata mbio hizo nikaziacha. Nilijifunza kukaa na sentensi bila kujua, na kwa hadithi ya upelelezi sijaona lugha inayofaa zaidi.

Aibu nayo haikukosekana. Siku moja nilimwita senpai wangu wa maabara, mtu aliyenizidi miaka sita, "kimi". Nililiokota kwa Holmes, ambaye humwita Watson hivyo. Ni kama kumwambia kaka mkubwa "we!" mbele za watu, na shikamoo hujampa. Akanyamaza, kisha akauliza neno hilo nimelitoa wapi. Nilipomjibu alicheka hadi akakaa chini. Mwaka mzima nikaitwa Hōmuzu.

Lakini kilichonikaa zaidi ni lile jina la hadithi. (Asiyetaka kuharibiwa mwisho aishie hapa, ingawa kisa kilitoka mwaka 1892.) Binti anayekufa anataja "band" yenye madoa. Kwa Kiingereza neno hilo ni utepe na ni kundi la watu pia, ndiyo maana Holmes mwenyewe anawashuku kwanza Wajipsi waliopiga kambi uwanjani. Mfasiri wa Kijapani alilazimika kuchagua, akachukua himo, kamba. Wajipsi wakatoka kwenye jina. Nilikasirika kwa niaba ya mwandishi, Conan Doyle.

Hasira zikapoa nilipozitazama kanji zenyewe. Ile ya himo ina alama ya uzi ubavuni. Ya hebi, nyoka, ambaye ndiye "kamba" ya kweli ya kisa hiki, ina alama ya mdudu. Kamba moja huhesabiwa "ippon", nyoka mmoja "ippiki". Kamba ikiwapo husemwa "aru", nyoka akiwapo "iru". Sisi tuliokulia kwenye ngeli hatuhitaji kuelezwa: kitu kikianza kutambaa, sarufi nzima inahama nacho. Kwa jicho hilo, kile kilichojizungusha kichwani mwa daktari kilinitisha kuliko kilivyonitisha darasani.

Tangu hapo nimesoma visa vingine vingi, kisha Edogawa Ranpo, aliyejibatiza jina kwa kulijaponisha la Edgar Allan Poe. Bunko ile ninayo bado. Maandishi ya penseli yanakoma ukurasa wa 12.