Usiishie Kariakoo

Watu wengi wa vijijini wakienda Dar es Salaam huishia Kariakoo. Hununua kanga na sufuria, hupanda basi na kurudi. Wewe ukipata siku mbili za likizo, tembea.

Asubuhi nenda Feri. Mashua huleta samaki, nao hunadiwa kwa makelele. Hapo hapo wapo wanaokaanga. Kula changu au pweza huku ukitazama pantoni ikivuka kwenda Kigamboni. Lakini uliza bei kwanza!

Kisha panda daladala uende Oysterbay, kwenye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kijijini, wilaya ya Tunduru. Hakusoma sana. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, halafu akawa mtunza bustani Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Alitumia rangi ya baiskeli na vipande vya mbao nyembamba za dari. Alichora chui, tembo na ndege. Mwaka 1972 polisi walimdhania mwizi, wakampiga risasi, akafa. Wanafunzi wake waliendelea na kazi.

Wengine husema picha ni mambo ya Wazungu. Mimi sikubali. Ni nani anayemjua chui kuliko mtu aliyeibiwa mbuzi naye? Ingia, watazame mafundi wakipaka rangi. Chini, pembeni mwa kila picha, pana jina la mchoraji. Lisome.