Chama cha Nyumba si Benki

Ikiwa wewe ni mpangaji Kayole, Umoja au Dandora, jirani yako hukumchagua. Kodi ndiyo iliyowakutanisha, na kodi ndiyo itakayowatenganisha siku mwenye nyumba atakapoipandisha. Mwaweza kutumia bomba moja na kamba moja ya nguo miaka mitano bila kujuana majina.

Lakini papa hapa Eastlands wako watu waliochaguana. Nenda Huruma, katika kijiji cha Kambi Moto. Wakazi wa mabanda ya huko walijiunga na Muungano wa Wanavijiji, ulioanzishwa mwaka wa 1996 wakati watu wa mabanda walipokuwa wakipinga kufukuzwa na kubomolewa. Wakaweka akiba kidogo kidogo, siku baada ya siku, kila shilingi ikiandikwa kitabuni. Mwaka wa 2003, baada ya kuelewana na lililokuwa Baraza la Jiji kuhusu ardhi, walianza kujenga nyumba za mawe. Kiwanja cha kila nyumba kilikuwa kama mita 4.5 kwa 4.5, kwa hivyo nyumba zilipanda juu badala ya kutanuka. Wanachama wenyewe, wake kwa waume, walifanya kazi ya mikono ili kupunguza gharama.

Hata hivyo, kazi ya mikono haikuwa ngumu kama kuketi pamoja, mwenye vibanda na mpangaji, wakapatane nani atapata nini. Wewe unayejificha mwenye nyumba anapobisha mlango tarehe tano, hebu fikiria kikao hicho!

Nayasema haya kwa kuwa wengi hudhani chama cha ujenzi ni benki: toa pesa, ungoje nyumba. Mimi ni mwanachama wa chama kidogo cha aina hiyo. Mwaka jana tulimpigia kura mwenzetu mmoja, rafiki yangu tangu shuleni. Akiba yake ilikuwa kamili, akiituma kwa simu kila wiki. Lakini mikutano minane mfululizo hakuonekana, wala siku ya kusafisha kiwanja. Niliinua mkono pamoja na waliotaka arudishiwe pesa zake aende. Hadi leo mkewe hunisalimia. Yeye hupita upande wa pili wa barabara. Inaniuma, lakini leo ningeuinua tena. Mtu asiyeonekana wakati wa kuchimba msingi hataonekana usiku mtoto wako akiugua.

Basi, kabla hujajiunga, uliza maswali haya. Je, kitabu cha akiba anakiweka nani, na mwanachama yeyote anaweza kukikagua? Hati ya ardhi ina jina la nani? Mume akifariki, mjane na watoto watabaki ndani ya nyumba, au shemeji watakuja na kufuli? Ukitaka kuhama, utaruhusiwa kumwuzia yeyote, au chama ndicho kitakachonunua?

Wakikasirishwa na maswali, shika njia yako. Wakikujibu, usitoe pesa bado. Hudhuria vikao vitatu, ukae nyuma, utazame jinsi wanavyogombana. Watu wote hugombana. Wa kuishi nao ni wale ambao, baada ya kugombana, humpa katibu nafasi ya kusoma kumbukumbu.