Msiba wa Mwaka 1869

Wapigania haki waliofariki kabla ya kuiona haki yenyewe hatukosi kuwalilia. Lucretia Mott alikufa 1880, Elizabeth Cady Stanton 1902, Susan B. Anthony 1906, katiba ya Marekani ikawahakikishia wanawake kura mwaka 1920. Kati ya watu 100 waliotia saini tamko la haki za wanawake kwenye mkutano wa Seneca Falls mwaka 1848, anayetajwa kuwa hai mwaka 1920 ni Charlotte Woodward, naye uchaguzi ulimkuta mgonjwa, hakupiga kura. Inauma, lakini kifo ni kifo.

Kinachonisumbua mimi ni msiba ambao hakufa mtu.

Pale Seneca Falls, Stanton alipotaka wanawake wadai kura, hata Mott alihofia watachekwa. Aliyesimama kulitetea azimio hilo ni Frederick Douglass, aliyekuwa ametoroka utumwani miaka kumi kabla, na likapita. Kupinga utumwa na kudai haki za wanawake ilikuwa kazi ya watu walewale. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Stanton na Anthony waliongoza ukusanyaji wa saini karibu 400,000, kulitaka Bunge lifute utumwa. Wanawake walizunguka na karatasi, enzi ambazo mwanamke kusema hadharani ilikuwa aibu.

Utumwa ukafutwa 1865. Likabaki swali la nani atangulie kupata kura, maana marekebisho ya 15 ya katiba yaliwalinda wapiga kura weusi na kunyamaza kuhusu wanawake. Mei 1869, mjini New York, Douglass alisema kwamba kwa watu weusi, wanaowindwa na kunyongwa, kura ni suala la uhai. Alikuwa na haki. Stanton naye alikuwa na haki ya kukasirika, ila hasira yake aliitoa kwa kuwadharau weusi na wahamiaji, na hilo sioni wa kumtetea. Chama chao cha pamoja cha kudai haki sawa kikavunjika.

Na yule aliyekuwa mweusi na mwanamke, angesimama wapi? Sojourner Truth, aliyezaliwa mtumwa, alikwenda kupiga kura Battle Creek mwaka 1872. Walimrudisha.

Douglass na Anthony, aliyekuwa upande wa Stanton, walipatana, kwa namna yao. Anthony alimwomba asihudhurie mkutano wa kudai kura za wanawake uliofanyika Atlanta mapema 1895, wasije wakaudhika wanawake weupe wa Kusini. Februari 20 mwaka huohuo Douglass alikwenda kwenye mkutano wa wanawake Washington, akashangiliwa, akarudi nyumbani na kufariki jioni ile. Anthony alikwenda mazikoni, akasoma salamu za Stanton.

Kura ya 1920 ilipofika, wanawake weusi wengi wa Kusini walizuiwa kwa kodi ya kupiga kura, mitihani ya kusoma na vitisho. Sheria ya kuwalinda ilisainiwa Agosti 1965.